Yaliyopita Nayo ni Ndwele: Tuzigange Tamthilia Zilizofutwa

Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, na mimi mwenyewe nimeisahihisha kwenye insha za wanafunzi kwa zaidi ya miaka thelathini bila kuitilia shaka. Wiki jana, hata hivyo, ilinikwama kooni.

Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili, binti mwenye bidii ya mchwa, aliniletea sura ya kwanza ya tasnifu yake kuhusu michezo ya kuigiza ya runinga za zamani. Kila alipotaka kueleza kazi ya kuzisaka kanda zilizopotea na kuzirudisha katika hali ya kutazamika, aliandika "ukarabati". Nikalipigia neno hilo mstari kwa kalamu nyekundu. Akaniuliza kwa adabu, "Sasa Mwalimu, kama si ukarabati, tuseme nini?"

Swali lilikuwa la haki, nami jibu sikuwa nalo. Barabara hukarabatiwa. Vyoo vya shule hukarabatiwa. Anayekarabati ana ruhusa ya kung'oa mabati ya zamani, kupiga rangi mpya na kubadilisha milango, na hakuna atakayemlaumu. Tena tutampigia makofi. Je, mchezo uliorekodiwa miaka hamsini iliyopita nao unahitaji mabati mapya? Ili kumjibu binti huyu, ilinibidi nikirudie kisa kimoja ambacho nimekifuatilia kwa zaidi ya miaka kumi. Kisa chenyewe ni cha Uingereza, ila kitovu chake kiko mjini Jos, Nigeria. Msomaji wangu, nivumilie kidogo, nitarudi nyumbani.

Kuna mfululizo wa runinga uitwao Doctor Who ambao BBC ilianza kuuonyesha Novemba 1963. Mhusika mkuu ni msafiri anayefanana na binadamu lakini si binadamu. Husafiri katika nyakati na sayari mbalimbali kwa chombo ambacho kwa nje ni kibanda cha polisi cha rangi ya buluu. Mfululizo wenyewe haujasahaulika. Kilichosahaulika ni sehemu nyingi za miaka yake ya mwanzo. Kati ya 1963 na 1969 zilionyeshwa sehemu 253. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970, zaidi ya mia moja kati ya hizo hazikuwa na nakala hata moja kwa wenyewe waliozitengeneza.

Zilikwenda wapi? Zilifutwa. Kanda ya video ya enzi hizo ilikuwa na upana wa inchi 2, nzito na ya bei ghali mno. Mikataba ya waigizaji nayo haikuruhusu kipindi kurudiwa ovyo. Aidha, runinga ya rangi ilikuwa imebisha hodi, na nani tena angetaka kununua picha nyeusi na nyeupe? Basi kanda ilitiwa kwenye mashine, ikafutwa, ikarekodiwa jambo jingine. Palikuwa pia na nakala za filamu za milimita 16, zilizotengenezwa kwa kuielekeza kamera ya filamu kwenye kioo cha runinga, kwa ajili ya kuuzwa ng'ambo. Muda wa haki za mauzo ulipokwisha, nyingi ya nakala hizo nazo ziliharibiwa.

Mara nyingi tunapolia kuhusu turathi zilizopotea, tunatafuta mhuni wa kumlaumu: mchoma vitabu, mvunja sanamu, mwizi wa usiku. Hapa mhuni hakuwepo. Walikuwepo watu waangalifu, wenye daftari na kalamu, wakiokoa pesa za umma. Uamuzi wao ulikuwa na hesabu sahihi, na bado ulikuwa hasara.

Sasa twende Jos. Kituo cha ng'ambo kilichonunua nakala kilitakiwa, baada ya kuionyesha, kufanya moja kati ya mambo matatu: kuirudisha London, kuiharibu, au kuipeleka kwa kituo kingine kilichokuwa kwenye foleni. Kwa njia hiyo mkebe mmoja wa filamu uliweza kutembea nchi baada ya nchi. Lakini sisi tunajijua, jameni. Stoo zetu hazitupi kitu. Kopo la rangi iliyokauka, baiskeli isiyo na gurudumu, redio iliyonyamaza, vyote tunaviweka eti "huenda vikafaa". Mwingereza mmoja kwa jina Philip Morris, aliyekuwa akizunguka vituo vya ng'ambo kusaka vipindi vilivyopotea, aliikuta mikebe ya filamu katika stoo ya kituo cha runinga mjini Jos. Ilikuwa imejaa vumbi, na juu yake utepe wenye jina la mfululizo ule. Oktoba 2013 BBC ikatangaza kwamba sehemu 9 zilizokuwa zimepotea zimepatikana. Tano ni za kisa kiitwacho The Enemy of the World, na nne za kisa kilichofuata, The Web of Fear. Visa hivyo vilionyeshwa Uingereza kati ya Desemba 1967 na Machi 1968. Hata baada ya sherehe hiyo, sehemu 97 zilikuwa bado hazijulikani ziliko.

Kisa cha kwanza ndicho kinachonihusu kama mhakiki. Kina sehemu sita, na kwa miongo kadhaa iliyosalia ilikuwa moja tu, ya tatu. Kwa bahati mbaya, hiyo ndiyo sehemu yenye mwendo mdogo: watu wamo ndani ya vyumba na korido, na mpishi mwenye kisirani analalamika jikoni. Kwa hiyo waliokihakiki kisa kizima walitegemea sehemu hiyo moja, wakajaliza kwa mswada, kwa sauti na kwa picha tulivu. Ndiyo, sauti ilikuwepo. Baadhi ya watazamaji wa wakati ule walikuwa wakitega kinasa sauti mbele ya runinga zao sebuleni, na kutokana na ukaidi wao sauti za sehemu zote zilizopotea zimesalia. Picha tulivu nazo zilitokana na kazi ya John Cura, mtu aliyepata riziki kwa kukipiga picha kioo cha runinga na kuwauzia waigizaji na waelekezi ukumbusho wa kazi zao.

Mswada, sauti na picha. Utadhani kila kitu kipo. Wahakiki wengi walidhani hivyo, na hukumu yao ikawa kwamba kisa hiki ni cha kawaida tu, tena kinachosha. Filamu za Jos zilipotazamwa, hukumu ikageuka. Kisa kilichokuwa kikishikilia mkia kikaanza kutajwa miongoni mwa vilivyo bora vya enzi yake.

Nini kilikuwa kimekosekana? Kwanza, mwendo. Sehemu ya kwanza inafunguka ufukweni kwa mbio za helikopta na chombo kiendacho kasi juu ya mchanga na maji. Mswada ulikuwa umeitaja helikopta. Haungeweza kuutaja mdundo ambao mwelekezi Barry Letts aliutia kwa kukatisha picha moja hadi nyingine.

Pili, uso. Patrick Troughton anaigiza wahusika wawili: Doctor mwenyewe, na Salamander, mtu anayenyemelea kuitawala dunia na ambaye anafanana na Doctor kama shilingi kwa ya pili. Salamander husema Kiingereza kwa lafudhi ya Kimeksiko. Ukisikiliza sauti peke yake, kinachowatenga wawili hawa ni lafudhi. Sasa Doctor analazimika kujifanya Salamander ili apeleleze. Hapo mwigizaji mmoja anaigiza mtu ambaye naye anaigiza mtu mwingine, na lafudhi inakuwa ile ile. Sikio halina namna ya kumtenga mwigaji na anayeigwa. Jicho linayo. Salamander humtazama mtu kama mnunuzi anayemkagua mbuzi mnadani. Doctor anapomwiga, mabega yanakuwa ya Salamander lakini macho yanasita, kama ya mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Jambo hilo halimo kwenye mswada na halisikiki kwenye sauti. Lilikuwa limekaa ndani ya mkebe, Jos.

Tatu, kifo. Carmen Munroe, mwigizaji mzaliwa wa Guyana, anaigiza Fariah, mwanamke anayelazimishwa kuonja chakula cha Salamander ili tajiri asije akalishwa sumu. Mwaka 1967 haikuwa kawaida kwa mwigizaji mweusi kupewa nafasi yenye hadhi na hasira kama ile katika runinga ya Uingereza. Fariah yumo katika sehemu ya tatu iliyosalia. Anauawa katika sehemu ya nne iliyofutwa. Kwa zaidi ya miaka arobaini, watu walimwona akiteseka lakini hawakumwona akikataa kunyenyekea mwishoni. Alifutwa mara mbili, mara ya kwanza kwa risasi ndani ya hadithi na mara ya pili kwa sumaku nje ya hadithi.

Na kuna jambo la nne, ambalo kama mwandishi wa safu ya gazeti lilinichekesha peke yangu. Salamander amelificha kundi la watu chini ya ardhi kwa miaka, akiwaaminisha kwamba juu kuna vita vya nyuklia na hewa yote ni sumu. Wanaishi gizani, wanamfanyia kazi, wanamshukuru. Siku moja, mmoja wao anaona kipande cha gazeti kilichonasa kwenye shehena ya chakula. Ni habari ya meli ya watu waliokuwa likizoni iliyozama. Likizo? Kwani kuna likizo wakati wa vita vya nyuklia? Kipande hicho cha karatasi kinaubomoa uongo wote. Nawaza: wahakiki waliokihukumu kisa hiki nao walikuwa chini ya ardhi, wakiishi kwa habari walizopewa, hadi kilipowafikia kipande kutoka juu. Natoa funzo moja hapa kwa wenzangu wanaofundisha tamthilia: tukiisoma kwenye karatasi tu, tumehakiki mifupa tukaandika ripoti kuhusu sura.

Kupata, hata hivyo, ni nusu ya safari. Filamu iliyokaa stoo miongo mingi ina vumbi, vikwaruzo na mitetemo. Mafundi huipitisha kwenye mashine ya kuisoma picha moja baada ya nyingine, kisha wakausafisha uchafu kwa kompyuta. Tena kuna tatizo lisiloonekana kwa haraka. Kanda ya asili ya video ilionyesha nusu-picha 50 kila sekunde, ndiyo maana mwendo wake ulikuwa laini kama wa taarifa ya habari ya moja kwa moja. Nakala ya filamu imebeba picha 25 tu, na mwendo wake unasitasita kama wa sinema. Mbinu ya kompyuta iitwayo VidFIRE hukadiria mwendo ule uliopotea katikati na kuurudishia ulaini.

Je, huo si udanganyifu? Nimejiuliza sana. Naona si udanganyifu, kwa sababu fundi anakilenga kitu ambacho kweli kiliwahi kuwepo, yaani picha aliyoiona mtazamaji sebuleni mwake Jumamosi ile ya 1967. Hajaongeza uso wala neno.

Lakini tazama jambo lililokifika kisa cha pili, The Web of Fear. Sehemu yake ya tatu haikuwa miongoni mwa zilizotangazwa 2013. Ni sehemu muhimu, kwa sababu ndimo Nicholas Courtney anamoanza kuonekana kama Lethbridge-Stewart, mwanajeshi atakayeandamana na mfululizo huo kwa miaka mingi. Toleo la DVD la 2014 liliziba pengo kwa kuzipanga picha za John Cura juu ya sauti iliyosalia. Toleo la 2021 likaleta katuni. Katuni ni kazi ya watu wenye juhudi, na watoto wataipenda. Mimi nasimama na toleo la 2014. Linakuambia waziwazi: hapa pana shimo, chunga mguu. Katuni inalitandikia shimo mkeka, na baada ya miaka ishirini mtu atadhani sakafu ni nzima.

Kabla sijaondoka Jos, nina lalamiko moja. Masimulizi niliyoyasoma yanampa sifa msakaji aliyesafiri, na sifa anastahili. Anayekosekana ni mtu wa stoo. Kuna mtu, au watu, ambao mwaka baada ya mwaka walikuwa na nafasi ya kuitupa mikebe hiyo na hawakuitupa. Huenda walikuwa wavivu, huenda walikuwa na heshima kwa vitu vya watu. Kwa vyovyote vile, waliyahifadhi yale ambayo mwenye mali mwenyewe aliyafuta. Tunapoambiwa kila siku kwamba Afrika haijui kutunza, kisa hiki tukiweke mfukoni.

Ila tusijisifu mapema, kwa maana swali linalofuata ni chungu. Tuliyatunza ya wenzetu, je, yetu?

Runinga ilianza Kenya mwaka 1962. Tangu Sauti ya Kenya hadi KBC, Kiswahili kilipata jukwaa ambalo hakikuwa nalo kwenye vitabu. Tukapata Vioja Mahakamani. Tukapata Vitimbi. Mwaka 1987 tukapata Tushauriane, mchezo ulioingiza mjadala wa upangaji uzazi katika sebule ambamo jambo hilo halikuwa likitajwa mbele ya wazee. Wasomi wa fasihi tuliitazama michezo hii nyumbani tukacheka, kisha asubuhi tukaenda darasani kufundisha tamthilia zilizochapishwa. Hatukuihesabu kuwa fasihi. Leo, mtafiti akitaka kujua Wakenya walivyokisema Kiswahili katika miaka ya 1980, vitabu vya wakati huo vitamwambia jinsi walivyokiandika, basi.

Chukua mfano mmoja. Marehemu Benson Wanjau, aliyetutoka 2015 na ambaye nchi nzima ilimjua kwa jina la Mzee Ojwang', alikuwa Mkikuyu aliyeigiza kwa lafudhi ya Kijaluo. Dholuo haina sauti ya "sh" wala "z" kama tulizo nazo kwenye Kiswahili, kwa hivyo katika lafudhi hiyo "shida" huelekea kuwa "sida" na "mzee" kuwa "msee". Ucheshi wake mwingi ulikaa hapo, katika upana wa sauti moja. Fungua mswada wowote wa mchezo wa namna hiyo: utakuta "shida" imeandikwa "shida", sanifu kabisa. Karatasi imeshausahihisha ulimi.

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa nyinyi mafundi mitambo. Tofauti kati ya "s" na "sh" hukaa katika masafa ya juu ya sauti. Mvumo wa kanda kuukuu, ule mlio wa "ssss" usiokoma, nao hukaa papo hapo. Fundi asiyejua Kiswahili akiambiwa asafishe sauti, ataona mvumo, atakata masafa ya juu, na sauti itatoka tulivu kama maji ya mtungi. Na lafudhi itakuwa imekwenda na maji. Atakuwa amemfanyia Ojwang' jambo ambalo mwalimu wake wa Kiswahili hakulifaulu. Ndiyo maana nasema kazi hii inahitaji mwanaisimu aketi kando ya fundi, akishika mkono wake pale inapobidi.

Wapo watakaosema mizaha ya lafudhi ina harufu ya ukabila, afadhali ikatwe. Hata Kimeksiko cha Troughton leo kingezua maswali. Nakubali maswali yaulizwe, tena kwa ukali. Nakataa mkasi. Jamii iliyocheka lafudhi ya jirani yake ilikuwepo, ni sisi, na tukijikata kwenye kanda hatutakuwa tumejirekebisha.

Nimesema mengi kuhusu makosa ya wengine. Zamu yangu imefika.

Katika miaka ya 1990, nikiwa mhadhiri kijana, nilirekodi kutoka kwenye runinga vipindi kadhaa vya mchezo mmoja wa Kiswahili kwa kanda za VHS. Sitautaja jina, baadhi ya waigizaji wangali hai na sijawaomba ruhusa. Nilikuwa nikichunguza matamshi. Hata miswada michache nilipewa nakala. Kisha ikafika tarehe 12 Julai 1998, fainali ya Kombe la Dunia, Brazili na Ufaransa. Usiku, maduka yamefungwa, kanda tupu sina. Nikaichukua moja kati ya zile nilizokuwa nazo, nikajiambia, "Kipindi hiki watakirudia." Ufaransa ikashinda 3-0. Kipindi hakikurudiwa kamwe. Miaka kadhaa baadaye nilipokwenda kukiulizia katika kituo kimoja, niliambiwa kwa upole kwamba kanda yao nayo ilitumiwa tena.

Vichwa viwili vya Zidane usiku ule utavipata leo kwenye simu yako kabla chai haijapoa. Kipindi changu, nijuavyo, hakikuwa popote. Kwa hiyo niliposimama mbele ya wanafunzi kila mwaka nikiwakashifu wahasibu wa BBC, nilikuwa nikijikashifu mwenyewe, ila sikuwaambia.

Swali la yule binti lilinifanya niivute sanduku iliyo chini ya kitanda. Kanda ilikuwepo, ukungu umeanza kuota ukingoni. Nikaipeleka kwa fundi mmoja wa Luthuli Avenue ambaye bado ana mashine ya VHS. Akanizuia nisiichomeke hivyo hivyo. "Mzee, ukungu huu utakula kichwa cha mashine na kanda yako pia." Akaifungua, akaisafisha kwa saburi ya mshona shanga, na jioni tukaiweka. Tukaitazama mechi yote, maana sikutaka akimbize kanda dhaifu. Kombe likatolewa. Kioo kikawa cheusi. Kisha ikaja michirizi, mkwaruzo, na ghafla mfereji wa maji wa mtaani na wanawake wawili wamesimama na vyombo vyao.

Kanda ilikuwa ya saa tatu. Mechi na sherehe zake hazikuimaliza. Mwishoni zilikuwa zimebaki dakika kumi na moja za mchezo wangu.

Katika dakika hizo, mwigizaji mmoja wa Mombasa anamwita mwenzake wa bara: "Ndoo hapa!" Yeye kwa Kimvita chake anasema "njoo", kwa kuwa "nj" ya Kiswahili sanifu huwa "nd" kwao: njaa ni ndaa, njia ni ndia. Yule wa bara anasita, anainama, anainua ndoo yake ya maji na kumletea. Wanatazamana. Yule wa Mombasa anashindwa kujizuia anacheka, na ni kicheko cha kweli, si cha kuigiza. Nilipofika nyumbani niliutafuta mswada. Umeandikwa: "Njoo hapa." Hakuna ndoo, hakuna kicheko. Lahaja mbili zilikutana mferejini kwa sekunde tano, zikazaa utani ambao hakuna mtunzi aliyeuandika, na ushahidi pekee niujuao ulikuwa umeponea nyuma ya mechi ya kandanda.

Basi nikampigia simu binti, nikampa jibu lake. Neno ni "kuganga". Wengi tunalijua kwa maana ya kutibu, lakini limebeba pia maana ya kuunga na kufunga kilichovunjika. Anayeganga mfupa haleti mfupa mpya. Anauunga uleule, na kovu linabaki mahali pake. Na methali niliyoanza nayo, kwa wema wake wote, hapa imetupotosha: yapo yaliyopita ambayo bado ni ndwele, yamelala chini ya vitanda vyetu yakiota ukungu.

Binti akacheka. "Lakini Mwalimu, nikiandika 'mganga wa kanda', jopo litadhani natafuta hirizi." Nikamwambia waache wacheke, wakimaliza watalizoea. Hakuridhika sana. Atalitetea mwenyewe mbele ya jopo, nami nitakuwa nimeketi upande wa pili nikimsikiliza.

Nawe msomaji, kabla hujaitupa ile karatasi ya rangi yenye kanda za marehemu baba au shangazi, zitazame zimeandikwa nini. Zisimamishe wima, mahali pakavu, mbali na jua. Zikiwa na ukungu usizichomeke, mtafute fundi. Na pale ubavuni mwa kila kanda ya VHS pana kijino kidogo cha plastiki. Kikivunjwa, mashine hukataa kurekodi juu yake. Kijino cha kanda yangu kilikuwa kizima tangu 1998. Nilikivunja Jumanne usiku, kwa ncha ya kisu cha mezani.